Mama anakunywa mshubiri juu ya vidonge vya sukari na presha: aache kipi?

*Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na presha. Anameza metformini, glibenklamidi, amlodipini na haidroklorothiazidi. Miezi 4 sasa kila asubuhi anakunywa glasi ya mshubiri: tunakata jani, tunaosha, tunasaga zima na ganda lake kwenye blenda. Jioni anakoroga vijiko viwili vya unga wa majani ya mlonge. Mimea yote nimeipanda mwenyewe, haijapigwa dawa wala mbolea ya chumvichumvi. Sukari ya asubuhi imeshuka kutoka 11 hadi 6, na ameanza kusema vidonge havina kazi tena. Ila wiki ya 3 hii anaharisha, usiku misuli ya miguu inamkaza mpaka anaamka, na siku moja alitetemeka na kulowa jasho kabla hajala. Jirani anasema hiyo ni sumu inatoka. Mke wangu naye, mwenye mimba ya miezi 4, ameanza kunywa huo mshubiri kwa ajili ya choo kigumu. Kitu cha asili kinaweza kweli kudhuru? Mama aache vidonge au aache mimea?*

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kuna mambo yasiyosubiri mwisho wa jibu langu, kwa hiyo naanza nayo.

Huo mshubiri wa kusaga na ganda uachwe leo, kwa mama na kwa mke wako. Vidonge msiviache kwa uamuzi wa nyumbani, lakini pia msiendelee navyo kimyakimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Wasiliana leo na wanaomtibu mama, uwaambie anaharisha na alitetemeka, uulize kipi ameze na kipi asimamishe, na kesho aonwe. Mtu anayeharisha wiki ya 3 huku anameza dawa hizo nne huenda akahitaji baadhi zipumzishwe au zipunguzwe, na hilo huamuliwa kwa vipimo vya damu. Wakati mnasubiri, asimeze glibenklamidi halafu akakaa bila kula.

Akitetemeka tena, akatoka jasho la baridi au akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, mpimeni sukari hapo hapo kama mashine ipo. Ikiwa chini ya 4, au kama mashine haipo, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ndiyo, kitu cha asili kinaweza kudhuru, na kinadhuru kwa sababu ileile inayokifanya kiponye. Mmea haukimbii adui. Umesimama pale pale juani, wadudu wanautafuna, mbuzi anaupitia, ukungu unauvamia. Silaha yake ni kemia: uchungu, sumu, harufu kali. Unaposema mshubiri wako haujapigwa dawa, mimi nasikia kwamba wewe hujaupiga dawa. Wenyewe umejipiga tangu ulipochipua. Tunachokiita dawa ya mitishamba ni silaha hizo tulizoziazima kwa kiasi kidogo, na kila kitu kiko kwenye hilo neno kiasi.

Daktari mmoja Mwingereza, William Withering, aliielewa shida hii zamani. Alianza kuchunguza mmea wa maua uitwao dijitali (Digitalis) mwaka 1775, akachapisha matokeo yake mwaka 1785. Mmea ule ulikuwa unasaidia watu waliovimba miili, na ulikuwa pia unaua. Aligundua kwamba nguvu ya mizizi inabadilika sana kulingana na msimu, akaiacha, akachukua majani yaliyochumwa wakati mmea unachanua, akayakausha na kuyasaga unga ili apate kipimo kinachofanana leo na kesho. Kutoka kwenye jamii ya mmea huo tuna digoksini, kidonge cha moyo kinachotumika hadi sasa na kinachopimwa kwa sehemu ndogo sana za miligramu. Kidonge hakikuushinda mmea kwa kuwa ni cha hospitali. Kiliushinda kwa kuwa kinajulikana kina nini ndani na kiasi gani.

Weka hilo akilini, kisha twende tukakate jani lako.

Chukua jani moja nene la mshubiri, ulikate kwa chini, ulisimamishe ndani ya kikombe cheupe kile kidonda kikiangalia chini, usubiri dakika 15. Utaona kikombeni maji ya njano, mazito kidogo, yenye harufu kali, ambayo yakikaa yanageuka rangi ya kahawia. Huo ni utomvu, na unakaa kwenye vijimfereji vilivyo chini tu ya ganda. Katikati ya jani kuna kitu kingine kabisa: ute mweupe unaopitisha mwanga, unaoteleza, ambao ukioshwa vizuri karibu hauna ladha. Uchungu ule wa methali, uchungu wa shubiri, unatoka kwenye utomvu wa njano. Ute ndio watu wanaopaka kwenye ngozi. Mnaposaga jani zima mnavichanganya vyote viwili, mama anadhani anakunywa ute kumbe anakunywa na utomvu.

Ndani ya utomvu kuna aloini. Haifanyi kazi kubwa tumboni. Inasafiri hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanaoishi humo wanaivunja na kutoa kitu kinachouchokoza utumbo. Kuta za utumbo zinaacha kunyonya maji, zinaanza kuyamwaga, na misuli yake inasukuma. Saa 6 hadi 12 baadaye mtu anakwenda chooni. Ndiyo maana kwa karne nyingi utomvu huu umetumika kama dawa ya kuendesha. Inafanya kazi kweli, sibishi.

Jirani anasema sumu inatoka. Namheshimu jirani, lakini kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo, nazo zinaifanya usiku na mchana bila kumharisha mtu. Kinachomtoka mama ni maji, na ndani ya maji hayo kuna chumvi za mwili, hasa potasiamu. Hapo ndipo kidonge cha nne kwenye orodha yako kinaponitia wasiwasi. Haidroklorothiazidi inashusha presha kwa kuzifanya figo zitoe maji na chumvi zaidi, na potasiamu inapotea pamoja na mkojo. Mama ni mtungi uliotobolewa pande mbili. Potasiamu ikipungua misuli inakaza na kulegea hovyo, na ndiyo maana hiyo miguu ya usiku sikuipuuza. Moyo nao ni msuli. Ikishuka sana mapigo yanapoteza mpangilio, na mtu anayetumia ile digoksini niliyoitaja anakuwa hatarini zaidi, kwa sababu dawa hiyo inageuka kali potasiamu inapokuwa chini. Mama hatumii, lakini dada yake au rafiki yake huenda anatumia, na mambo haya ya glasi ya asubuhi huwa yanaambukizana.

Maji yakipungua, figo zinapata damu kidogo na kazi yao inazorota. Metformini inatoka mwilini kupitia figo. Ikikwama inaweza kuchangia damu kujaa asidi, jambo lisilotokea mara nyingi lakini likitokea ni la chumba cha wagonjwa mahututi. Glibenklamidi nayo ikikwama inaendelea kushusha sukari saa nyingi kuliko ilivyokusudiwa.

Kuhusu siku ile ya jasho: glibenklamidi inalichokonoa kongosho litoe insulini, na haiulizi kwanza kama mtu amekula. Ongeza mimea miwili ambayo nayo inaweza kusogeza sukari chini, ongeza tumbo linaloharisha na hamu ya chakula iliyopungua, halafu umuamshe mtu asubuhi kabla hajala. Nikisoma maelezo yako naona sukari iliyoshuka kupita kiasi, hata kama siku ile hamkuipima.

Utaniuliza: mbona miezi ya mwanzo hakuharisha? Sina uhakika kwamba kosa lote ni la mshubiri. Metformini yenyewe huharisha watu wengi, na vimelea vya tumboni havijafutwa kwenye orodha. Hiyo ni sababu nyingine ya kumpeleka akaonwe. Lakini pia jani halina kipimo. Jani la chini lililokomaa na jani changa la juu hayafanani, jani la kiangazi na la masika hayafanani, na pengine mkono wa msagaji umekuwa mwepesi zaidi kadiri sukari ilivyokuwa inashuka. Kidonge cha miligramu 5 ni miligramu 5 Jumatatu na Jumanne. Glasi ya mama ni bahati nasibu, hata kama mkulima ni mwaminifu kama wewe.

Je, mimea ndiyo iliyoshusha sukari kutoka 11 hadi 6? Inawezekana imechangia. Kuna tafiti ndogo ambazo ute wa mshubiri na unga wa majani ya mlonge vilishusha sukari kwa kiasi, ingawa kila utafiti ulitumia matayarisho yake na vipimo vyake, kwa hiyo huwezi kuchukua matokeo hayo ukayamimina kwenye glasi yako. Lakini angalia: katika miezi yote hiyo 4 mama aliendelea kumeza vidonge. Wachezaji wawili wamefunga goli moja, na sasa anataka kumfukuza yule mwenye rekodi inayojulikana. Zaidi ya hapo, mtu anayeharisha na kula kidogo sukari yake hushuka tu, na huko si kupona. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Hicho hakidanganywi na asubuhi moja nzuri. Na presha je? Hujaniambia kama mmeipima. Presha haipigi hodi, na hakuna chochote kwenye ile glasi kinachoweza kuchukua nafasi ya amlodipini.

Nikuwekee mambo mawili ambayo wauzaji wa maji ya mshubiri huwa hawayataji. Marekani, mwaka 2002, mamlaka ya chakula na dawa iliziondoa dawa za kuendesha zenye utomvu wa mshubiri katika orodha ya zile zinazotambuliwa kuwa salama kuuzwa bila cheti, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Pili, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeuweka mchujo wa jani zima katika kundi la 2B, yaani huenda unaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Hilo limetokana zaidi na panya waliopewa maji ya jani zima kwa miaka 2 wakapata uvimbe kwenye utumbo mpana. Mama si panya, na sikuambii hili ili umtishe. Nakuambia kwa sababu mchujo uliowekwa alama ni wa jani zima, na jani zima ndilo mnalolisaga.

Mlonge haunipi wasiwasi uleule. Majani yake yakipikwa kama mboga ni chakula kizuri, na sioni sababu ya kumnyima. Unga wa vijiko viwili kila siku ni kitu kingine kidogo, kwa sababu hapo mtu anakula kwa lengo la kushusha sukari na anayempangia glibenklamidi hana habari. Usimame mpaka vipimo vitoke. Mizizi na magome ya mlonge msiyaguse kabisa. Yana kemikali kali zisizofanana na za majani, na kwa mjamzito ni marufuku. Jambo jingine: majani yana vitamini K nyingi, kwa hiyo mama akija kuandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, siku moja, daktari ajue mlonge analiwa kiasi gani na mara ngapi.

Na kwa kuwa ana presha, urukususu usiingie jikoni kwenu. Mzizi ule mtamu wa kifua unaufanya mwili ushike chumvi na kutupa potasiamu, presha inapanda. Kwake yeye ni tobo la tatu.

Mke wako. Mara chache alizokunywa si sababu ya kukosa usingizi, ila asiendelee. Utomvu wa mshubiri haushauriwi kwa wajawazito kwa sababu ya jinsi unavyochokoza utumbo na hofu kwamba kizazi nacho kinaweza kuchokozwa, na akijifungua haushauriwi wakati wa kunyonyesha pia. Choo kigumu ni kawaida katika mimba, na mara nyingi vidonge vya madini ya chuma vinakizidisha. Maji ya kutosha, vyakula vyenye nyuzinyuzi na kutembea ndiyo mwanzo. Isipotosha, mkunga ana dawa za kulainisha choo zinazofaa wajawazito, kwa mfano laktulozi, ambayo inavuta maji kwenye choo bila kuuchokoza utumbo kwa namna ya aloini. Akiona damu au tumbo la chini likimkaza kwa vipindi, aende siku hiyohiyo.

Kwa mama, dalili zisizosubiri miadi ni hizi: moyo kurukaruka au kukosa mapigo, kuzimia, miguu kuishiwa nguvu mpaka kusimama ni shida, kuchanganyikiwa, kupumua haraka bila sababu, mkojo kuwa kidogo sana, damu kwenye choo, macho kuwa ya njano.

Mkienda, beba vidonge vyote na pakiti zake, jani moja la mshubiri na kile kichupa cha unga. Usiseme tu «anatumia dawa za kienyeji», kwa sababu maneno hayo hayamsaidii daktari kitu. Sema: jani zima la mshubiri, glasi moja, kila asubuhi, miezi 4, mlonge majani, vijiko viwili, jioni. Omba apimwe potasiamu, kreatinini ya figo, na HbA1c. Wagonjwa wengi huficha mitishamba kwa kuogopa kufokewa, na nakiri kuna wenzangu wanaofoka. Vumilieni. Akifoka huku anaandika vipimo sahihi, mmefaidika.

Baada ya hapo, mama akitaka kurudi kwenye mimea, kuna njia isiyo ya ugomvi. Kuharisha kuwe kumekwisha, potasiamu na figo ziwe sawa, na daktari awe amekubali. Aanze na mmea mmoja tu, na mimi ningechagua mlonge kama mboga. Kiasi kisibadilike, sukari ipimwe na kuandikwa kwenye daftari kila asubuhi kwa wiki mbili. Sukari ikishuka kweli, daktari ndiye atakayepunguza kidonge, na pengine ataanza na hiyo glibenklamidi, ambayo kwa mtu wa umri wake wengi wetu hatuipendi sana hata bila mshubiri. Akipangiwa upasuaji, mimea yote isimame wiki mbili kabla.

Mshubiri wa kunywa sitaupendekeza kwake hata ukimenywa ganda na kuoshwa. Kuosha kwa mikono hakukuhakikishii utomvu umeisha. Ukiuonja ukauona mchungu, ujue umebaki. Usipouona mchungu, ujue tu kwamba umepungua.

Kuhusu bustani yako, nina maswali mafupi. Je, una hakika ni mshubiri wenyewe? Aina za jamii hiyo zinapita 500, na chache kati yake, kama Aloe ballyi, zina sumu hatari ya mishipa ya fahamu. Aliyekupa mche akisema «ni ileile», usimwamini kwa neno tu. Je, pale ulipopanda palikuwa na gereji, ukuta wa rangi za zamani, au barabara yenye magari mengi? Madini ya risasi hukaa ardhini miaka mingi na mimea huichukua. Samadi mbichi isikaribie majani mnayoyala bila kupika. Na mlonge ukaushwe kivulini penye hewa mpaka jani likivunjwa linalia; ukiusaga ukiwa na unyevu, kichupa kinaota ukungu kabla hujauona. Andika juu yake jina la mmea, sehemu iliyotumika na tarehe, kwa maana baada ya miezi miwili unga wote wa kijani unafanana.

Mshubiri wenyewe usiung'oe. Mtu akiungua kidogo jikoni, amwagie maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha kata jani, lisimamishe lichuruzike mpaka njano iishe, menya, osha ute, paka. Kama malengelenge ni makubwa, au ni uso, mikono au mtoto mdogo, acha kupaka chochote, mpeleke.